Azzam Aachiwe Akacheze, na Kiti Chake Nipewe Mimi

Bawshar, Maskati
Jumatatu asubuhi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Bwana Harub,

Assalaam alaykum. Nimeanza na cheo chako ili barua isirudishwe mlangoni. Sasa nakwita mwanangu, maana mama yako, Bi Masouda, alikuwa jirani yetu Matrah, na nimekuona ukikimbizwa na mbuzi.

Mjukuu wangu Azzam yuko mwaka wa pili chuoni kwako. Anacheza mpira wa kikapu, na klabu ya wachezaji wa kulipwa inamtaka. Naomba umwachie aende sasa hivi, asingoje shahada. Malalamiko yangu ni haya:

1. Viti. Azzam ana mita mbili na kitu. Mlangoni kwetu anapita kama mtu anayerukuu. Viti vyenu vimepimwa kwa watu kama weye, mwanangu, usikasirike. Darasani magoti yanamfika kidevuni. Uwanjani hakuna aliyewahi kuyalalamikia.

2. Takwimu. Kwenye mtihani wa somo hilo kapata thelathini na moja kwa mia, mwalimu kaandika kwa wino mwekundu kuwa anataka kumwona mzazi. Wiki ile ile kafunga pointi thelathini na moja, wanafunzi wakambeba mabegani, na mwalimu huyo huyo kashika mguu mmoja. Sasa thelathini na moja ni aibu au ni sifa? Nyinyi wasomi kaeni mkubaliane kwanza.

3. Shahada haiozi. Goti linaoza, nna ushahidi wa mawili. Miye na miaka yangu sabini na tano naweza kuingia darasani kesho, lakini kuruka siwezi hata kidimbwi. Kwa hivyo natoa shauri: Azzam atoke, kiti chake nikikalie miye. Skuli niliiacha darasa la nne, Unguja, kwa hiyo nafasi yangu bado ipo. Idadi yenu haitapungua. Mke wangu, Bi Sayyida, kasema chuo si safu ya sala, kwamba mmoja akitoka mwengine anasogea kuziba pengo. Nimemwambia aniache nimalize barua. Kaniacha, ila namsikia anacheka jikoni.

4. Kocha wa klabu hiyo, Bwana Pius, kijana wa Mwanza mwenye adabu zake, alikuja kwetu Ijumaa. Nikamkaribisha tende na kahawa. Unajua desturi yetu: mgeni akitosheka huitikisa finjani, na kama hajaitikisa, unammiminia. Huyu hakutikisa. Nikamimina. "Asante, mzee." Kila akifungua mdomo aseme neno, miye namjazia. Finjani kumi na tisa, Harub! Jasho linamtoka, mkono unatetemeka (nilimwangalia vizuri: ni kutetemeka, si kutikisa) na bado anapokea. Mtu havumilii hivyo kwa ajili ya kahawa. Nikaelewa hatoki pale bila ya Azzam. Nikampa mkono, nikamwambia kijana ni wako, akaondoka mbio, nadhani kwa furaha.

Naomba jibu kabla ya Alkhamisi, kwa herufi kubwa. Nisalimie mama yako, mabawabu, walimu wote, na yule wa takwimu msalimie mara thelathini na moja.

Miye mwenye haki ya kiti,
Yaqoob bin Sleiman
(babu yake Azzam)

Tanbihi: Sijaifunga bahasha, Pius kapiga simu. Tangu Ijumaa hajalala. Kwanza kaniuliza kwa heshima: mzee, kahawa ile huwa inasimamishwa vipi? Nikamweleza: kwa kuitikisa finjani. Kisha kasema lile alilokuja kulisema: klabu inamtaka Azzam, ila akishapata shahada, si siku moja kabla, maana wana mchezaji aliyeacha masomo, akavunjika mguu, na leo hana uwanja wala kazi. Bi Sayyida anasema yeye alimwelewa tangu finjani ya tano, akanikonyeza. Miye nikadhani ananisifu.

Basi nambari ya kwanza mpaka ya nne zifute. Azzam abaki, goti litasubiri. Ila kiti nipewe, hata cha pembeni: begi nshanunua, na huyu kijana kwenye takwimu anahitaji mtu wa kumwamsha.