Pazia la Minazi

Jumanne, 9 Mei 1911. Tumefika. Kijiji cha pwani ya Ufaransa. Jina lake halitamkiki, nusu yake inapitia puani. Bwana Holtz, mwenye shamba la katani kule Mnyuzi, anampeleka mkewe kwao Udachi, na daktari amesema bibi apunge kwanza hewa ya bahari kwa ajili ya kifua. Mimi Mhina, mpishi wao, nimeletwa kwa sababu bibi haamini supu ya Wafaransa. Udachi sitafika. Jumapili napandishwa meli, narudi kwetu. Basi nina siku tano za kupata ushahidi.

Ushahidi wa nini? Mzee Kibwana wa Handeni ana binti, Zamda. Tunamposa watu wawili. Mimi, na Abdi, karani wa stesheni ya Korogwe, ambaye hajavuka Tanga ila ana saa ya mfukoni. Mzee amesema atamwoza aliyeiona dunia, tena aje na kitu cha kuonyesha, maana maneno kila mtu anayo. Haya. Mimi naiona dunia. Abdi anaona mabehewa.

Nimetazama bahari yao. Wanawake wanaingia na nguo zote, wanapiga kelele kwa baridi, wanatoka, wanarudi tena. Nasikia ni dawa.

Jumatano, 10 Mei. Bwana anapenda magofu kupita kiasi. Asubuhi katupeleka kwenye ngome ya mfalme. Mfalme mwenyewe kafa zamani, wanaishi njiwa. Mchana uwanja wa mawe wa Warumi, wenye ngazi za kukalia pande zote. Bwana alieleza kwamba zamani watu walikaa hapo kutazama wenzao wakiliwa na simba. Handeni simba wanakula watu bure na hakuna anayejenga ngazi.

Nikaona mawe mawili madogo yana herufi. Ushahidi huo! Moja nikalisokomeza chini ya mkate, kwenye kikapu cha bibi. La pili nikalifunika na tarbushi langu, juu ya kichwa. Mlangoni mlinzi mwenye masharubu akapekua kikapu. Bwana akakamatwa. Mfaransa kumshika Mdachi na jiwe la wizi, yule mlinzi alifurahi mpaka nikamwonea wivu. Wakagombana kila mtu kwa lugha yake. Bwana aliapa kwamba hajui jiwe limetoka wapi. Mimi nilitazama bahari, shingo nimeikaza, maana jiwe lilikuwa zito.

Alhamisi, 11 Mei. Balaa. Mama mwenye nyumba ya wageni kaniwekea sahani jikoni. Nikadhani ni chaza wa kwao. Nikala sita. Bibi kanieleza baadaye kuwa ni konokono. Wa bustanini, wale wale! Nimetubu mara tatu. Shida ni kwamba walikuwa watamu.

Ijumaa, 12 Mei. Siku ya ushindi. Pwani kuna kibanda cha mpiga picha, ndani ana mapazia mawili yaliyochorwa. La kwanza lina ngome, mlima wa theluji na meli ya moshi. La pili lina minazi, mchanga na kibanda cha nyasi. Kwenye la ngome hakuna mtu. Kwenye la minazi wamepanga foleni wakubwa tu, mabibi wenye manyoya kofiani, na bei yake ni mara mbili. Mpiga picha akanivuta kwenye la ngome. Nikakataa kabisa. Mimi si mtu wa kupewa cha rahisi kisa mgeni. Nikapanga foleni na wakubwa wenzangu, nikasimama chini ya mnazi, mkono kiunoni. Mpiga picha alicheka sana. Sijui alichekea nini.

Jumatano, 14 Juni, Korogwe. Nimeshuka kwenye treni, nani ananingoja? Mbaruku, kibarua wa reli. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua, watani. Mtani akichukua kitu chako unacheka, ukinuna umejiaibisha. Akachukua tarbushi langu. Ndani mlikuwa na jiwe, akachukua na jiwe. Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi ya hasira yakanitoka. Jioni nimepita kwake, ananolea kisu. Herufi za Warumi zimeanza kwisha.

Lakini picha hakuiona. Nilikuwa nimeivalia shati juu.

Jumamosi, 17 Juni, Handeni. Nimetembea siku mbili. Nikamwamkia Mzee Kibwana shikamoo, nikatoa picha kwa mikono miwili. Akaitazama sana. Akasema Tanga. Nikasema Ufaransa. Akauliza kama Ufaransa kuna minazi. Nikasema hakuna. Akauliza, na hii? Nikaeleza kwamba hiyo ni nguo imechorwa. Akauliza kama nilivuka bahari mwezi mzima ili nikasimame mbele ya nguo. Kusema kweli, swali lilikuwa zuri.

Kwa kutapatapa nikatoa habari ya konokono, maana jambo kama lile mtu hawezi kulitunga. Mama mkwe mtarajiwa akainuka, akaiondoa sahani yangu kwenye mkeka.

Kumbe Abdi alikwisha kufika juma lililopita. Na yeye kaleta picha. Nyuma yake ngome, mlima wa theluji na meli ya moshi. Nalijua lile pazia, ni la yule Mgoa, Mhindi wa Goa, mpiga picha wa Tanga, lina kiraka kwenye mlima. Nikamwonyesha mzee kiraka. Akasema eti kwangu kila kitu ni pazia.

Jumapili, 18 Juni. Nimemkuta Zamda kisimani. Akasema ananiamini, nimefika Ufaransa. Abdi kamwambia mwenyewe kwamba ile yake ni pazia la Tanga, na wamecheka pamoja. Moyo ukanipasuka. Kisha akaniuliza nimemletea nini yeye. Nikampa picha yangu. Akaigeuza nyuma, kama kwamba kuna kingine. Abdi alimletea doti ya kanga. Akanirudishia picha, akajitwika mtungi, akaenda zake. Nimeumia. Naandika hapa tu.

Jumatatu, 26 Juni, Korogwe. Jana Abdi na Zamda wameoana, karamu ikafanywa hapa hapa kwa Abdi. Mbaruku alikula pilau na tarbushi langu kichwani.

Nimekaa nikafikiri sana, na kosa nimeliona. Nilichagua pazia baya. Basi. Hapa Korogwe mwalimu wa chuo cha Kurani ana binti, Mwaija, na anataka mkwe aliyehiji. Yule Mgoa wa Tanga ana pazia jingine, la Makka, minara yote imo. Nitaaga kwa machozi, nitapiga picha, halafu nitajificha Mnyuzi miezi sita, nirudi nikiwa Haji Mhina. Mbaruku amekubali kunitunzia siri. Amechukua viatu tu.

Mwaija mwenyewe bado sijamwona. Ila safari hii sirudi mikono mitupu, hilo limeniingia. Nitamletea picha yangu, kubwa, yenye fremu.