Binti wa Seremala Ametutoka

Jumatatu, tarehe 4 Machi.
Mkuu wa shule ameniita ofisini. Wazazi wamelalamika juu ya ripoti zangu. Mmoja nilimwandikia kwamba mwanawe ni mvivu, mwingine kwamba wake ni goigoi. Maneno fasaha yote mawili! Mama mkuu akasema barua moja zaidi ya ukali, nami nitakwenda kulea wajukuu. Nimeshukuru. Mwingine angenifukuza leo leo. Tangu sasa, tafsida tupu.

Jumanne, tarehe 5.
Binti wa seremala hajaonekana darasani siku tatu. "Mtoro" ni neno chafu. Nimepekua kamusi, kisha nikamwandikia baba yake: "Kwa masikitiko tunakujulisha kwamba bintiyo ametutoka." Upole ulioje. Mwalimu wa hesabu aliisoma, akauliza kama nina hakika. Wivu.

Jumatano, tarehe 6.
Kilio shuleni. Barua yangu ilimfikia seremala leo asubuhi, binti akiwa ameshaaga nyumbani kwamba anakwenda shule. Seremala amekuja na shangazi wanne wa binti, na mbao za jeneza mkokotenini. Alikuwa akirudia, "Hii mbao nilimwekea ya kitanda cha harusi." Upatanisho mbovu. Sikumsahihisha, nina utu. Nikamfafanulia kwamba kutoka ni kuondoka mahali. Hakunielewa. Mama mkuu alinielewa, akaanza kuandika barua ya kunifukuza, bila tafsida hata chembe.

Ndipo binti akaingia getini, saa nne, akitafuna karanga, akauliza nani amekufa. Shangazi mmoja akazimia. Seremala alimkumbatia mwanawe, akamfokea, akamkumbatia tena. Kisha akanikumbatia mimi.

"Mama mkuu," akasema, "huyu mzee humfukuzi. Angeniandikia mtoro, ningefoka kidogo nikarudi kwenye randa yangu. Leo nimejua nilichokuwa napoteza."

Binti alikuwa akilia kuliko shangazi zake. Ameapa hatakosa tena kipindi.

Ijumaa, tarehe 8.
Barua yangu imechanwa. Binti anakaa dawati la mbele. Seremala amechukua ubao mmoja, akaniundia rafu ya vitabu. Nimeipapasa asubuhi nzima kama mjukuu mchanga. Nashukuru kwa kazi, nashukuru kwa rafu, nashukuru kuzaliwa katika lugha isiyokosa neno la upole.

Mama mkuu amenisihi niwe mwangalifu. Nimekuwa. Mtoto wa fundi viatu husinzia darasani kila mchana. Kusema "analala" ni kumwaibisha. Nimewaandikia wazazi wake kwamba amepumzika kwa amani. Tarishi ameshaondoka na barua.