Vita vya Buti la Veturia

Njooni, enyi mlioketi nanyi mlio wima, wenye miguu mikavu na wenye miguu iliyolowa; wekeni chini vikombe, wafungeni mbwa, waambieni watoto waache kutafuna kwa sauti, maana leo yanasimuliwa makuu yaliyotokea katika bonde la Iza, kaskazini kabisa mwa nchi ya Waromania, siku ile theluji iliposalimu amri na tope likatwaa ufalme. Nawe Mola uliyeumba mboga na madimbwi, nipe pumzi nisikatike katikati ya sentensi, kwa kuwa sentensi za vita ni ndefu na mapafu yangu ni ya mtu wa kawaida.

Palikuwa na shujaa, jina lake Pompiliu, mwana wa Ioan, mfyekaji wa majani asiyechoka, mmaliza supu, bwana wa ng'ombe mmoja, mbuzi wawili na nguruwe mmoja mwenye dharau. Alikuwa mrefu wa kimo na mpole wa moyo, na masharubu yake yalisifiwa hadi ng'ambo ya mto. Lakini katika siku hizo shujaa huyu aliishi katika fedheha kuu. Kwa maana mwezi Januari alikwenda kuchukua viazi katika shimo la akiba, akatoka akipiga mluzi, na mlango akauacha wazi. Baridi ikaingia kama jeshi lililokaribishwa chai, viazi vyote vya mbegu vikaganda, na vilipoyeyuka vikawa uji mweusi ambao hata yule nguruwe aliutazama akageuza uso.

Mkewe Veturia, mwenye mikono ya dhahabu na shingo isiyoinama, hakupiga kelele. Alinyamaza. Na kimya cha Veturia kilikuwa na nguvu ya kuhamisha watu: kilimtoa Pompiliu katika kitanda cha ndoa, kikamvusha ua, kikamlaza katika jiko la nje juu ya benchi, ubavuni mwa pipa la kabichi ya chumvi, na hapo akawa analala hata majira ya machipuko yakamkuta akinuka kama chakula cha mchana.

Juu ya hayo yote alikuwapo mama mkwe, Bibi Saveta, mjane wa marehemu Gavrila, mwenye kiti chake cha enzi dirishani. Hakuna kuku aliyevuka ua ule bila yeye kumtolea hukumu.

Basi ikawa asubuhi moja, jua likiwa limetoka bila joto, Veturia akatwaa kikapu cha vitunguu vidogo vya kupanda, akavaa mabuti yake ya mpira, akashuka bustanini. Vitunguu vile vilikuwa tumaini la nyumba, maana viazi vya mbegu havikuwapo tena. Akafika katikati ya bustani, mahali ambapo maji ya theluji yalikuwa yamejikusanya chini kwa siri, na hapo tope likaumeza mguu wake wa kushoto kama kinywa. Akavuta. Mguu ukatoka, buti halikutoka. Na kabla hajainama, buti likazama lote, bila hata kuaga.

Akabaki amesimama kwa mguu mmoja, soksi ya sufu ikining'inia, kikapu kifuani, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ndipo kutoka kibanda cha chini ya bustani akatokea adui.

Nani asiyemjua Voda? Bata bukini dume, mweupe kama shetani aliyefuliwa, mwenye shingo ya mjeledi na mbawa za milango ya ghala. Mkewe alikuwa amelalia mayai kibandani, na kwa sababu hiyo Voda alikuwa ametangaza bustani yote kuwa nchi yake, pamoja na njia ya kwenda kisimani na nusu ya choo. Huyu ndiye aliyemng'ata Pompiliu mwaka uliopita mahali ambapo mtu huketi, akampandisha juu ya rundo la majani makavu, akamweka huko mpaka chakula kikapoa.

"Wewe mtu!" Veturia akapaza sauti. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mumewe tangu Januari. "Wewe mtu, uko wapi? Njoo unitoe huku!"

Dirisha likafunguka kwa kishindo. "Mkwe!" akaita Bibi Saveta. "Mke wako kageuka korongo! Utatoka, au tumjengee kiota?"

Pompiliu akatoka jikoni, masharubu yana majivu. Akamwona mkewe kwa mguu mmoja, akamwona adui akija kwa mwendo wa jenerali, na magoti yake yakakumbuka rundo la majani. Moyo wake ukamwambia, Rudi ndani, jifanye kiziwi. Lakini sauti ile ilikuwa imemwita, na alikuwa ameingoja muda mrefu.

Akarudi jikoni kujihami. Akautwaa mfuniko wa pipa la kabichi, mzito, wa mbao za mwaloni, ukawa ngao yake. Akautwaa ufagio wa fito, ukawa mkuki wake. Kichwani akavaa kofia ya manyoya ya kondoo, na ndani ya suruali, upande wa nyuma, akatia gazeti lililokunjwa, maana shujaa mwenye busara hujifunza katika vita vilivyopita.

Kwenye ua wa mbao alikuwa amekwisha kufika jirani Teofil, kikombe mkononi, kiwiko juu ya ubao, kama mtu aliyekata tiketi. Jirani huyu hakusalimiwa na Bibi Saveta kwa miaka mingi, kwa sababu itakayojulikana punde.

"Jirani," akasema Teofil, "unakwenda vitani au unakwenda kufunika sufuria?"

Pompiliu akasimama mwanzoni mwa bustani, akainua ngao. "Enyi mbuzi, nanyi kuku, nawe jirani unayecheka bure," akanena, "shuhudieni! Ikiwa leo nitaanguka, semeni kwamba nilianguka nikielekea mbele. Ikiwa—"

"Hotuba utatoa ukishafika!" akafoka Veturia. "Mguu unakufa ganzi!"

"Anahutubia mbuzi," Bibi Saveta akasema kwa huzuni, kama aliyekuwa akilisubiri hilo tangu siku ya harusi.

Pompiliu akaingia topeni. Hatua ya kwanza tope likamkamata kifundo. Ya pili likamkamata muundi. Na Voda, alipoiona kofia ile, akanyoosha shingo sambamba na ardhi, akatoa mlio kama mvuke unaotoroka birika, akaja. Mdomo ukaigonga ngao, ngao ikalia kama kengele ya kanisa; mbawa zikapiga, tope likaruka hadi juu ya masharubu yaliyosifiwa ng'ambo ya mto. Pompiliu akachoma kwa ufagio. Voda akaukamata ufagio kwa kinywa, akauvuta, na wakawa wanavutana, mtu na ndege, huyu akivuta kwa heshima ya nyumba yake na yule kwa mayai yake, wala hakuna aliyekuwa na kosa. Kisha ufagio ukakatika. Voda akaanguka chali na nusu yake, akabaki akiiadhibu nusu hiyo kwa hasira nyingi.

"Sasa! Kimbia!" akapiga kelele Teofil, ambaye alikuwa amesahau kucheka.

Pompiliu akakimbia, ikiwa kule kunaweza kuitwa kukimbia. Buti lake la kulia likabaki nyuma. Kisha la kushoto. Akafika kwa mkewe akiwa na soksi tupu, akapiga magoti mbele yake katika maji ya barafu, akampa bega lake ashikilie, akauzamisha mkono hadi kwapani.

Hapo wakawa karibu kuliko walivyokuwa tangu Januari. Veturia akaitazama kofia ile kwa juu.

"Unanuka kabichi," akasema.

"Najua." Akapapasa chini. "Veturia. Kuhusu ule mlango."

"Viazi si kitu. Viazi huoza," akasema Veturia, na sauti yake ikatetemeka kidogo, labda kwa baridi. "Nani hasahau mlango? Lakini wewe ulisema paka ndiye aliyeufungua. Ulinitazama machoni ukanambia ni paka. Mlango ule mimi mwenyewe naufungua kwa bega!"

Shujaa akaacha kupapasa, mkono matopeni. Mbele ya ndege alikuwa amesimama; hapa ndipo palipohitaji mwanamume.

"Si paka," akasema. "Ni mimi. Nilikuwa napiga mluzi."

"Semeni kwa sauti!" akalia Bibi Saveta dirishani. "Huku hatusikii!"

"NI MIMI NILIYEACHA MLANGO WAZI!" akanguruma Pompiliu, na milima ikaitikia, na Teofil akaivua kofia yake bila kujua kwa nini.

Wakati huohuo vidole vyake vikagusa kitu. Akakishika, akakaza meno, akavuta. Tope likakataa. Akavuta tena, mishipa ikamtoka shingoni, na kutoka chini ya ardhi ikasikika sauti ndefu ya aibu, kama ya ng'ombe aliyekula majani mabichi, na buti likatoka likitiririka, akaliinua juu kwa shangwe.

"Silo langu," akasema Veturia.

Na kweli halikuwa lake. Lilikuwa la ngozi, jeusi, kubwa kama mtumbwi, lenye misumari katika soli na kiraka kisiginoni.

Uso wa bibi ukatoweka dirishani. Kisha mlango wa nyumba ukafunguka, na Bibi Saveta, aliyekuwa hajashuka ngazi zile tangu theluji ya kwanza, akashuka bila fimbo.

Maana lile lilikuwa buti la marehemu Gavrila. Majira fulani ya machipuko, zamani, Gavrila alirudi kutoka bustanini amelewa pombe kali ya matunda ya plamu, na mguu mmoja u wazi, hakumbuki lolote. Na Bibi Saveta akasema mbele ya kanisa zima kwamba mbwa wa nyumba ya Teofil ndiye aliyeiba, na kwamba mbwa haibi ila amefunzwa. Toka siku hiyo ua ule wa mbao ukawa mpaka wa mataifa mawili.

Lakini vita havikungoja kumbukumbu. Voda alikuwa amemaliza kazi yake na ufagio, na sasa alikuja kwa nyuma, kimya, naye akang'ata. Gazeti likastahimili ukurasa wa kwanza, likastahimili michezo, likashindwa katika matangazo. Pompiliu akatoa sauti ambayo masharubu yake hayakuwahi kuipitisha, lakini hakukimbia. Akauzamisha mkono mara ya pili, ndege ananing'inia nyuma yake kama bendera, akalitoa buti la mpira la Veturia, la kushoto, limejaa tope hadi pomoni, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

"Hili ndilo?"

"Hilo ndilo," akasema Veturia. Na akacheka, akacheka mpaka akakaribia kuangusha vitunguu. "Nipe mgongo, wewe mtu. Twende."

Akampanda mgongoni, kikapu mkono mmoja, mabuti mawili mkono mwingine, na kwa buti la baba yake akamchapa Voda kichwani kila walipopiga hatua. Teofil akaruka ua, kitu ambacho hakuna mtu wa nyumba yake aliyekifanya kwa kizazi kizima, akamtupia ndege koti lake. Ndivyo walivyofika nchi kavu, wote watatu, hakuna aliyejulikana rangi.

Veturia akamkabidhi mama yake lile buti kuukuu. Bibi Saveta akalipangusa kwa aproni, akaliangalia ndani, kana kwamba marehemu angeweza kuwa humo. Mwishowe akageuka.

"Teofil."

"Naam, Bibi Saveta."

"Mbwa wenu hakuiba."

"Tunajua, bibi," akajibu Teofil kwa upole. "Hakuwa na jino hata moja."

Bibi akainamisha kichwa, kama mfalme anayetia sahihi mkataba. "Ingia ndani ule. Nawe, Pompiliu," akasema, na hii ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile pasipo kuongezea lolote, "usikae kwenye viti vyangu na hiyo suruali."

Basi ikaandaliwa karamu ya ugali wa mahindi, jibini na maziwa mgando mazito, na pombe ya plamu ikapita mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Shujaa alikula akiwa amesimama, kwa sababu za kivita. Na sahani zilipokwisha kuondolewa, Veturia akasema, akiangalia upande mwingine, "Blanketi lako liko kule jikoni. Lilete ndani. Lakini lifue kwanza." Mfyekaji wa majani asiyechoka akalifua palepale, jioni ile ile, kwa maji ya kisima, akiimba.

Na tangu hapo watu wa bonde la Iza wakitaja jambo lolote husema lilikuwa kabla ya Buti au baada ya Buti, na Jumapili kanisani wanaume humpisha Pompiliu apite kwanza, naye hukataa kidogo, kisha hupita. Walakini haki inatutaka tuseme pia kwamba jioni hiyo, chini ya bustani, Voda alitoka chini ya koti, akaingia kibandani kifua mbele, akamsimulia mkewe mambo yote kwa sauti kubwa hadi giza likaingia: jinsi majitu matatu yalivyovamia nchi, jinsi alivyovunja mkuki, jinsi alivyoyatimua yote yakikimbia yamebebana. Naye mkewe akageuza mayai, akamsadiki.