Kamera Isiyo na Kibali, Hai Amarat

Soko la Custom, Juba
Januari 2014

Kwako Daktari Magdaline, Mkuu wa Kliniki ya Picha, mtaa wa Hai Amarat,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Semei, mpiga picha wa studio hapa Custom, mume wa Erina mliyempima shingo Jumanne. Malalamiko yangu ni haya.

1. Juba hatupigi picha bila kibali. Mimi nimewahi kulala kituoni kwa sababu ya bwana harusi aliyesimama karibu mno na daraja. Ninyi mmempiga mke wangu picha wakati wa vita, na hakuna askari aliyewauliza neno.

2. Kamera yenyewe haina lenzi wala flashi. Muuguzi Tombe alinieleza kwamba Erina alidungwa dawa inayotoa mwanga usioonekana kwa macho. Kila chembe ya mwanga ikigonga kioo, kamera inajua imegonga mahali gani hasa, na nukta hizo zikijikusanya ndiyo picha. Yaani mwanga unatoka ndani ya mteja. Sisi wenye taa tule wapi?

3. Nampiga Erina picha tangu uchumba wetu, na sikuona kitu. Kamera yenu imemtazama muda wa kuchemsha chai, ikaonyesha uvimbe ulipo. Hiyo ni dharau kwa fani, na imeniuma sana.

4. Hili ndilo kubwa. Watu wanakimbia, nimewapiga picha za pasipoti mpaka karatasi imeniishia. Nimeshakata tiketi za basi la Kampala. Erina amekataa. Anasema, "Mimi iko hapa. Ugonjwa imejulikana mahali iko, sasa nakimbia naenda wapi?" Naogopa risasi, Daktari. Ile nukta ya shingoni mwake naiogopa zaidi.

Kwa hiyo naomba kamera izimwe mara moja mpaka ipate kibali, na picha ya Erina itangazwe kwamba haikupigwa, ili tuondoke. Najua mficha maradhi kifo humuumbua, lakini waliosema hivyo hawakuwa Juba mwezi huu.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa geti, na mama wa chai, ambaye hajanikosea.

Mimi mwenye kibali halali,
Semei Kato

N.B. Tombe amenidokeza kwamba kesho Erina anapigwa picha nyingine kabla ya upasuaji, na kwamba jenereta yenu imekufa. Aliyeleta barua hii ana jenereta ya studio yangu nyuma ya bodaboda, na tangi limejaa. Tafadhali muiwashe mapema, ipate moto kabla hamjamlaza.