Nyuzi Mia Mbili katika Mashine ya Nasra

Jumatatu, 6 Oktoba
Mimi Asumani ndiye fundi mkuu wa ordinateri, yaani kompyuta, mtaa huu mzima. Bon. Uongo. Najua kuwasha tu. Kuzima ni kazi ya Nasra, mtoto wa dada yangu. Ametunga programu ya kupanga mizigo ya boti za kwenda Isangi. Alhamisi Mama Françoise, mkubwa wa depo, anakuja kuona kama inaenda mbio. Isipoenda, kazi inahamia ng'ambo ya barabara, kwa Léon na mashine yake. Léon! Juzi alikuwa anauza maparachichi!

Kesho Nasra anashinda deponi. Ameniachia majaribio. Programu inagawia kazi nyuzi, yaani kama wafanyakazi ndani ya mashine. Nianze na uzi mmoja, halafu mbili, nne, nane. Kila hesabu niirudie, niandike muda. Mashine iko na vichwa vinne tu vya kufanyia kazi, akasema, tonton, mjomba wangu, usilete ujanja wako. Nikaitika kwa adabu. Mgongo unauma.

Jumanne, 7 Oktoba
Uzi mmoja: mwendo wa mazishi. Mbili: afadhali. Nne: safi! Nane: ileile ya nne. Rudia. Rudia tena. Nimechoka mimi. Jenereta inanibwekea sikioni.

Alors, kwa nini kupanda ngazi kidogo kidogo? Wagenia, wavuvi wetu wa mtoni, wakivuta mtego mzito hawahesabu watu, wanaita ukoo. Nikaweka mia mbili. Mashine ikahema kama mbuzi mgonjwa. Ikachelewa kuliko hata uzi mmoja! Hiyo sikuiandika kwenye karatasi ya Nasra.

Nikavuka kumwambia Léon sisi tunatumia mia mbili, na mashine inaruka. Akakohoa. Akasema yeye yuko kwenye mia tatu tangu zamani. Mwongo!

Jumatano, 8 Oktoba
Nasra amechagua nne. Nikauliza mbona anabania wafanyakazi. Akasema tonton, vichwa vya mashine ni kama vinu, na viko vinne. Ukiita wanawake mia mbili kutwanga majani ya pondu, wengi watasukumana tu wakingoja mchi. Nikasema inategemea wanawake wa ukoo gani. Akaniambia nikalale. Saa nne asubuhi!

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama Françoise amefika na kipepeo chake cha mkononi. Nasra akatoka kumpokea. Léon mlangoni kwake, anacheka meno yote. Nikashindwa kuvumilia. Nikafuta nne, nikaweka mia mbili. Heshima ya familia!

Mashine ikaganda. Mama Françoise akajipepea, akajipepea, akauliza kama hiyo mizigo inapangwa au inazaliwa. Akavuka kwa Léon. Nasra akatazama skrini, halafu mimi. Heri angenitukana.

Kumbe Léon aliniamini! Kaweka mia tatu kweli. Mashine yake ikazimika mbele ya Mama Françoise. Mama akarudi kwetu akinung'unika kwamba wanaume wa barabara hii wana ugonjwa. Nasra akarudisha nne. Mama hajakaa vizuri kwenye kiti, mizigo yote imepangwa. Kazi tumepata!

Ijumaa, 10 Oktoba
Donc, nani ameshinda? Mimi. Bila mia mbili zangu, Léon angepata wapi wazo la mia tatu? Nasra hataki kuelewa, ameficha kibodi. Shule nyingi hiyo! Ikija mashine mpya, naanza na mia nne.

Ila Nasra, Jumanne nilikulindia mashine kutwa. Njoo basi unikate kucha za miguu. Mgongo haukunjiki tena.