Namna Serikali Ilivyokondeshwa Sokoni

Serikali ilitangaza siku ya Jumatatu, chini ya turubai na mbele ya viti mia tatu, kwamba imeamua kukonda. Mkurugenzi kutoka wizarani alisema imenenepa kupita kiasi na dawa imepatikana: madaraka ya kutoza na kutumia ushuru wa soko yanashushwa kwa halmashauri. Watu wakapiga makofi. Bi Muhuri naye akapiga, ingawa hakujua hayo yanayoshushwa yatawekwa wapi, maana ofisi yake ilikuwa na dirisha moja na kiti kimoja.

Bi Muhuri alikuwa karani wa ushuru, na jina hilo alipewa na wachuuzi. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka vibanda kila asubuhi, akatoza, akakata stakabadhi, akawajulia hali wagonjwa. Choo kikiziba, fundi bomba alikuwa amefika kabla ya saa nne. Hakuna aliyewahi kuona haja ya kumpa msaidizi.

Sasa wasaidizi walikuja. Mkurugenzi alishuka pamoja na madaraka ili yasipotee njiani. Nyuma yake akaja Mratibu wa Ushushaji, kisha Naibu wake, kisha Afisa Kiungo wa kuwaunganisha wawili hao, waliokaa meza moja. Halmashauri ilikuwa na madaraka, kwa hiyo ilihitaji watu wa kuyashika. Wizara haikuwa nayo tena, kwa hiyo iliunda idara ya kuhakikisha haina, ikaajiri watu ishirini na wawili.

"Mheshimiwa," Bi Muhuri alimuuliza Mkurugenzi, "wale waliokuwa wakiifanya kazi hii huko wizarani wako wapi?"

"Wapo."

"Wanafanya nini?"

"Wanasimamia kutoifanya."

Ofisi hazikutosha, maafisa wakahamia kwenye vibanda. Muuza ndoo akasogezwa, muuza nguo akasogezwa, na ushuru ukapanda mara tatu ili kuwalipa waliowasogeza.

Shemeji yake Bi Muhuri, fundi viatu, akaja dirishani na fomu.

"Shemeji, mwavuli wangu wa jua unataka sahihi saba."

"Zimebaki ngapi?"

"Saba. Wa kwanza yuko semina."

"Ya nini?"

"Ya kupunguza watumishi."

Ng'ambo ya mtaro ilianza halmashauri nyingine. Nayo ilishushiwa madaraka yaleyale, ikayatumia kupunguza ushuru nusu, na haikuajiri mtu. Alhamisi moja wachuuzi walifunga mizigo wakavuka. Fundi viatu alikuwa wa mwisho.

"Usinilaumu, shemeji. Nina wanne shuleni. Siwezi kuishi kwa kushona viatu vya watu wasiotembea."

Bi Muhuri alimsaidia kubeba benchi hadi mtaroni.

Kesho yake Mkurugenzi aliitisha kikao cha dharura. Mapato yameanguka, alisema, hivyo uchambuzi wa kina umefanyika na mtumishi mmoja wa ziada amebainika. Maafisa thelathini na wanne wakamgeukia Bi Muhuri.

"Utaondoka mwisho wa mwezi," Mkurugenzi akamwambia kwa upole. "Mpaka hapo, endelea kutoza kwa mujibu wa sheria ndogo mpya."

Bi Muhuri aliisoma sheria hiyo akisubiri chai ichemke. Mkurugenzi aliitunga mwenyewe ili kuwabana waliouza wakiwa wamekaa chini bila kibanda. Ilisema mtu yeyote anayekaa ndani ya mipaka ya soko kwa kutarajia kipato atalipia kiti chake kila siku, bila kujali cheo, na asiyelipa hadi saa nne kiti kitachukuliwa. Akaisoma tena. Kisha akachukua kitabu cha stakabadhi na kuwaita mgambo wawili wa halmashauri.

"Kiti kimoja, mheshimiwa," alimwambia Mkurugenzi. "Na hicho unachowekea miguu."

"Unajua unaongea na nani?"

"Sheria imesema bila kujali cheo, mkubwa. Na sahihi ni yako."

Mkurugenzi akapiga simu wizarani. Ile idara ya watu ishirini na wawili ilifanya kazi yake ya kwanza, tena siku hiyohiyo: ilithibitisha kwa barua kwamba wizara haina madaraka yoyote juu ya viti vya sokoni.

Kufikia Ijumaa iliyofuata hakuna afisa aliyekuwa amelipa, na stoo ilikuwa imejaa viti. Kanuni za utumishi zilikataza kutia sahihi mtu akiwa amesimama, kwa hiyo maafisa wakaanza kuomba uhamisho, Afisa Kiungo akitangulia. Mwezi ulipokwisha hapakuwa na wa kutia sahihi barua ya kumwachisha Bi Muhuri kazi, naye akaendelea. Akaurudisha ushuru wa zamani, akamwita fundi bomba, na muuza ndoo akarudi kibandani kwake.

Mkurugenzi alivuka mtaro kuomba kazi. Karani wa kule, aliyekuwa peke yake, alisema nafasi hakuna, ila kuna kibanda karibu na fundi viatu. Mkurugenzi akalipia siku tatu, akapanga fomu zake mezani vizuri kwa rangi. Hadi jioni alikuwa amepata mteja mmoja, muuza sabuni za vipande, aliyezipima fomu hizo unene kwa kidole na kuuliza kama zinafaa kufungia sabuni.