Mkalimani wa Mifupa

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya mifupa ya tembo. (Nguo ninazo. Heshima ndiyo sina.)

Niko Lyon, Ufaransa, na bosi. Mnanijua: karani wa ghala la mabomba kule Al-Sulay, Riyadh. Mafuta yamepanda, bosi anajenga maghorofa mpaka jangwani, sasa amekuja huku kutafuta lifti. Aliposikia najifundisha Kifaransa kwenye simu, akasema: "Ukinitafsiria vizuri, nakuhamishia ofisi ya Jeddah."

Jeddah! Mama yangu yuko huko huko, mtaa wa Al-Nuzha. Wiki tatu sikulala. Nimekariri salamu, hoteli, lifti za kila aina. Daftari nimelipiga mistari kwa rula. (Ndiyo, nina ugonjwa huo.)

Asubuhi bosi akaamka na wazo: "Yalla, twende makumbusho." Makumbusho ya sayansi na makabila ya dunia! Daftari langu halina hata mfupa mmoja.

Mlangoni wanaazimisha visikilizio vinavyokueleza kila kitu kwa lugha yako, ila uache kitambulisho. Mimi niache pasipoti? Bosi ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu cha kazi. Miaka miwili ilikaa kwenye sefu yake, nimeishika juzi tu kwa ajili ya safari! Nikatoa kifua mbele: "Visikilizio vya nini, bosi? Mimi nipo." Nikamwacha hapo, nikakimbilia ndani nikasome vibao kabla hajafika.

Kibao cha kwanza, maneno mawili tu nimeyaelewa: "baridi" na "kubwa."

Bosi akafika, kitambaa chake cha kichwani kimemfunika masikio. "Nani huyu?"

"Tembo, bosi. Aliuawa na baridi."

"Wa nani?"

"Wa mfalme." (Mfalme gani? Msiniulize.)

"Waulize bei. Nimweke mapokezi, ghorofa jipya."

Jasho! Nikamwendea mlinzi, nikamuuliza choo kiko wapi. Nikarudi: "Wanasema ameshanunuliwa."

Bosi akatikisa kichwa polepole. Nikadhani anavutiwa. Basi nikapamba moto! Mtumbwi nikaupa nahodha. Chungu nikakipa mwenyewe. Kufika kwenye kinyago cha mbao, nikasema huyo alikuwa hakimu, wake wanne, wa mwisho mkorofi.

"Mkorofi vipi?"

"Alimfichia viatu siku ya kesi."

Bosi akaanza kutetemeka mabega. Akafunua kitambaa. Kisikilizio! Sauti ya Kiarabu inatiririka sikioni mwake, tangu kwa tembo!

"Kijana, huyu bwana anasema hiki huvaliwa kwenye ngoma ya mavuno. Viatu hajavitaja kabisa. Nimwamini nani?"

Watoto wa shule waliokuwa nyuma yetu wakacheka bila hata kujua lugha.

"Bosi, nisamehe. Jeddah halas, imekwisha, nimeelewa."

"Halas kwa nini? Jeddah utakwenda. Kutafsiri hujui. Lakini nina maghorofa kule hayana hata msingi, na yanataka muuzaji. Uso mkavu kama wako siwezi kuufungia ghalani."

Kisha akavua kisikilizio, akakitia mfukoni, akanionyesha ngazi. "Bado ghorofa mbili. Endelea na yule mke wa nne."

Basi ndugu zangu, Jeddah nimeipata, kwa cheo cha mwongo rasmi. Atakayecheka simjui. Na mkisikia nauza nyumba inayotazama bahari, ulizeni kwanza kama nyumba ipo.